Kuonja Kazi Kabla ya Kuichagua: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Shule ya Kijijini

Muulize mwanafunzi wa kijijini anataka kuwa nani atakapokuwa mkubwa, naye atakutajia kazi tatu au nne: mwalimu, daktari, askari, pengine rubani. Mwalimu anamwona kila siku, rubani amemwona kwenye picha. Tusimlaumu kwamba hana ndoto. Mtu hachagui kitu ambacho hajawahi kukiona wala kulisikia jina lake. Tena hali hii haiko vijijini peke yake. Katika upimaji wa kimataifa wa wanafunzi uitwao PISA, wa mwaka 2018, vijana wa miaka 15 waliulizwa wanatarajia kufanya kazi gani wakifika miaka 30. Katika nchi 41 zilizolinganishwa, asilimia 53 ya wasichana walitaja mojawapo ya kazi 10 tu zinazopendwa zaidi na wenzao, na kwa wavulana ilikuwa asilimia 47. Maelfu ya kazi duniani, na nusu ya vijana wamejipanga kwenye milango kumi.

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyeambiwa, au aliyejiambia mwenyewe, kwamba "huku kwetu hakuna kampuni, wanafunzi tutawapeleka wapi?" Nimeshika kazi ya kuwapanga wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo kwa miaka kadhaa, na naona swali hilo limekaa vibaya. Kazi za kuonyesha zipo. Kinachotushinda ni namna tunavyozihesabu, halafu kile tunachokifanya kabla mwanafunzi hajaondoka na baada ya kurudi. Siku tano mahali pa kazi bila maandalizi na bila mazungumzo ya baadaye ni siku tano za kufagia.

Hatua ya 1: Hesabu shughuli, usihesabu majengo

Walimu wengi huanza kwa kuandika orodha ya majengo: zahanati, karakana, ghala, ofisi ya serikali, duka. Dakika tano zimeisha, kalamu imewekwa chini. Achana na orodha hiyo. Chukua sehemu moja tu ujiulize: ni shughuli gani lazima zifanyike hapa ndipo pafunguliwe tena kesho asubuhi?

Tuchukue zahanati. Kuna anayepokea wagonjwa na kutunza majalada. Kuna anayepima damu. Kuna anayehesabu dawa zilizobaki na kuagiza nyingine kabla hazijaisha. Vyombo vinachemshwa kwa mvuke, sindano zilizotumika zinakusanywa na kuteketezwa, ripoti ya mwezi inaandikwa. Chanjo nyingi lazima zikae kati ya nyuzijoto 2 na 8, kwa hiyo kuna jokofu, kuna kipimajoto, kuna daftari la kuandika joto asubuhi na jioni, na kuna umeme ambao ukikatika lazima mtu fulani ajue la kufanya. Sasa geuza kila shughuli iwe jina la kazi: mtunza kumbukumbu, mteknolojia wa maabara, mfamasia, msimamizi wa ugavi, afisa afya ya mazingira, mtakwimu, fundi wa majokofu, fundi wa umeme wa jua. Nyumba moja yenye vyumba vinne imetupatia kazi nane, na bado hatujamtaja muuguzi wala daktari. Mwanafunzi anayezirai akiona damu anaweza kulipenda lile jokofu.

Fanya hivyo hivyo kwa shamba kubwa, na hapo ndipo penye utajiri ambao shule za mjini hazina. Udongo unapimwa, maji yanagawanywa, trekta inaharibika, mnyama anaumwa, mazao yanapangwa kwa ubora, bei inajadiliwa, mkopo unaombwa, mvua inatabiriwa. Halafu nenda kwenye mtambo wa maji, karakana ya uchomeleaji, kituo cha mabasi, mahakama ndogo, msitu wa hifadhi, mnara wa simu.

Usiwasahau wanaokuja na kuondoka. Mpimaji ardhi, fundi wa mnara, daktari wa mifugo, mkaguzi wa hesabu: hawaishi kijijini lakini hufika mara moja au mbili kwa mwaka. Ukijua watakuja lini, wanafunzi wawili au watatu wanaweza kushinda nao siku nzima. Mimi hupata taarifa hizo kwa wanaowapokea wageni hao: ofisi ya kijiji, mtunza mtambo, mwenye nyumba ya wageni.

Andika yote kwenye jedwali lenye safu sita: mahali, shughuli, kazi zinazotokana nazo, msimu, umbali kutoka shuleni, na mtu wa kuzungumza naye. Safu ya msimu ina uzito kuliko inavyoonekana. Ukimpeleka mwanafunzi shambani wakati hakuna kinachofanyika, atarudi akiamini kilimo ni kukaa chini ya mti. Ukimpeleka kilele cha mavuno, mwenyeji hana muda wa kumjibu swali hata moja. Tafuta wiki zilizo katikati.

Na kazi ya kulijaza jedwali hilo usiifanye peke yako. Wape wanafunzi, wawili wawili, kila jozi sehemu moja, saa moja na nusu ya kuuliza na kuandika. Huo tayari ni uchunguzi mzuri wa kazi: wanajifunza kujitambulisha, kuuliza, kunukuu na kutoa ripoti kabla hata programu yenyewe haijaanza.

Jambo moja la kuwaeleza mapema. Kijijini mtu mmoja hubeba kazi tano. Mwenye duka la pembejeo ni mnunuzi, mhasibu, mshauri wa wateja, mtunza ghala na dereva. Kwa mwanafunzi hiyo ni bahati, maana anaiona biashara nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, wakati mwenzake katika ofisi kubwa hukalishwa chumba kimoja. Lakini asipoambiwa kwamba kwingineko hizo ni kazi tano za watu watano, atarudi akisema tu, "nilikuwa dukani."

Hatua ya 2: Mjue mwanafunzi bila kumpiga muhuri

Frank Parsons, aliyeanzisha ofisi ya kuwashauri vijana kuhusu kazi mjini Boston mwaka 1908, aliliweka jambo hili katika sehemu tatu: kujijua, kuijua kazi, na kufikiri sawasawa juu ya uhusiano wa hivyo viwili. Zaidi ya karne imepita na sijaona mpangilio ulio rahisi kuliko huo. Baadaye mwanasaikolojia John Holland alizigawa hulka za kikazi katika makundi sita: wanaopenda kushika vitu na zana, wanaopenda kuchunguza, wenye mwelekeo wa sanaa, wanaopenda kusaidia watu, wanaopenda kuongoza na kufanya biashara, na wanaopenda utaratibu wa kumbukumbu na hesabu.

Makundi hayo yatumie kama taa ya kuangazia, yasiwe lebo ya kubandika. Badala ya dodoso refu, mimi huuliza maswali mawili. Wiki iliyopita, ni jambo gani ulilifanya hadi ukasahau saa? Na ni jambo gani watu hukuomba uwasaidie? Majibu hushangaza. Msichana anayeombwa na majirani awasomee ujumbe wa simu na kuwajazia fomu ana kitu ambacho ripoti ya mtihani haikionyeshi.

Kisha kila mwanafunzi aandike machaguo mawili: kazi anayodhani anaipenda, na kazi ambayo hajawahi kuifikiria, achague kutoka kwenye lile jedwali. Ukiweza kumpatia zote mbili, vizuri. Ukiweza moja tu, kwa anayeanza napendelea ile ya pili. Na uwe macho na mkono wako mwenyewe unapogawa nafasi: wasichana zahanati, wavulana karakana. Huwa tunafanya hivyo bila hata kujua.

Hatua ya 3: Umri, hatari, na karatasi zinazotakiwa

Hapa usiharakishe. Mpaka kati ya kujifunza kazi na kutumikishwa ni mwembamba, na vijijini ni mwembamba zaidi kwa sababu watoto wengi tayari wanafanya kazi nyumbani.

Mkataba Namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 15, na nchi ambazo uchumi na elimu yake havijaendelea vya kutosha zinaruhusiwa kuanzia 14. Kazi za hatari ni kuanzia miaka 18. Kifungu cha 6 ndicho kinachotuhusu sisi: mkataba hauzuii kazi inayofanywa na mtu aliyetimiza miaka 14 ikiwa ni sehemu ya masomo au ya programu ya kumwelekeza katika kuchagua kazi, mradi masharti yaliyowekwa na mamlaka yafuatwe. Mkataba Namba 182 wa mwaka 1999, unaopiga vita aina mbaya kabisa za ajira ya watoto, ulikamilisha kuridhiwa na nchi zote wanachama mwaka 2020. Sheria ya nchi yako inaweza kuwa kali kuliko hivi, na hiyo ndiyo utakayoifuata. Ofisi ya elimu na ofisi ya kazi ndiko pa kuuliza kabla hujaandika barua ya kwanza.

Walio chini ya miaka 14 wasipelekwe kufanya kazi. Watembelee kwa kundi, na mwalimu wao, kwa saa chache.

Tembelea kila mahali mwenyewe kabla mwanafunzi hajakanyaga. Kilimo, pamoja na ujenzi na uchimbaji madini, ni miongoni mwa sekta tatu zenye hatari kubwa zaidi duniani, kwa hiyo usidanganywe na utulivu wa shamba. Yafuatayo mwanafunzi hayagusi, hata mwenyeji akisema atamsimamia: viuatilifu na makopo yake, msumeno wa umeme, shafti ya trekta inayozungusha mashine, kupanda juu ya trekta au mzigo, mashimo na visima, maghala ya nafaka yaliyofungwa, nyaya zenye umeme, moto wa kuchomelea, mizigo mizito, na wanyama wakubwa wasiomjua. Kuangalia kwa mbali akiwa na kinga inatosha. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho hata ya anayetazama tu, kwa hiyo umbali wake uwe mkubwa, au apewe ngao ya uso iliyo sahihi. Miwani ya jua ya kawaida haifai.

Karatasi ninazozitaka mkononi ni nne. Ridhaa ya mzazi au mlezi iliyotiwa sahihi, ikitaja mahali, siku, saa na usafiri. Barua ya utambulisho kutoka shuleni. Makubaliano ya ukurasa mmoja na mwenyeji, yanayosema mwanafunzi atafanya nini na hatafanya nini. Na taarifa ya dharura: namba za simu, mzio au ugonjwa wa mwanafunzi, kituo cha afya cha karibu. Kama shule ina bima ya wanafunzi, soma kama inafanya kazi nje ya uwanja wa shule. Nyingi zina mpaka, na watu huujua mpaka huo siku ya ajali.

Kuhusu ulinzi wa mtoto, kanuni ni fupi. Mwanafunzi haachwi peke yake na mtu mzima mmoja ndani ya chumba kilichofungwa. Hapandi chombo cha usafiri cha mwenyeji peke yake. Hatumwi nyumbani kwa mtu. Halali huko. Anajua jina la mwalimu wa kumwambia likitokea jambo, na anajua kwamba anaruhusiwa kuondoka na kurudi shuleni saa yoyote bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mwambie hilo mbele ya mwenyeji, ili wote wawili walisikie.

Umbali ni sehemu ya usalama pia. Mahali ambapo mwanafunzi hawezi kufika kwa miguu au kwa usafiri wa uhakika na kurudi kabla giza halijaingia, pafute kwenye orodha au mpeleke kwa kundi na mwalimu.

Hatua ya 4: Kumshawishi mwenyeji

Usipeleke barua kwanza. Nenda mwenyewe, wakati ambao kazi imepungua, na uombe kitu kidogo kilichopimwa: "Naomba mwanafunzi mmoja akae nawe siku tatu, asubuhi hadi saa nane. Nitakuja kumwona siku ya pili." Ombi la "kushirikiana na shule" halikataliwi wala halikubaliwi, linaning'inia tu.

Wenyeji huogopa mambo manne na mara nyingi hawayasemi: kijana ataharibu kitu, atanipotezea muda, akiumia nitalaumiwa mimi, na je, natakiwa kumlipa? Yataje wewe kabla hawajayawaza. Onyesha orodha ya vitu asivyotakiwa kugusa. Eleza kwamba si kibarua, kwa hiyo halipwi, na kwa sababu hiyo hiyo hafanyi kazi ya mtu anayelipwa. Sema hasa unachokihitaji: amweleze kazi inavyokwenda, amruhusu aangalie, ampe majukumu mawili madogo.

Fundi mmoja aliniambia, "Mimi sijasoma, nitamfundisha nini?" Nilimwomba anieleze anavyojua injini ina tatizo gani kabla hajaifungua. Alizungumza robo saa nzima, akitaja mlio, moshi, harufu ya mafuta na mtetemo. Nikamwambia somo lenyewe ni hilo. Kutambua chanzo kwa kufuata dalili ndiyo kazi ya fundi, ya daktari na ya mtu wa kompyuta.

Hatua ya 5: Mwandae anayekwenda

Tenga vipindi viwili. Cha kwanza ni cha adabu za kazi: kufika mapema, kujitambulisha, kuzima simu, kuvaa viatu vilivyofunikwa, kusema "sijui, naomba unionyeshe," na kutunza siri. Siri isisitizwe. Atakachokisikia zahanati kuhusu jirani yake, au atakachokiona kwenye daftari la madeni, kinaishia huko huko. Katika jamii ambayo kila mtu anamjua mwenzake, mwanafunzi mmoja mwenye mdomo mwepesi anaweza kufunga mlango kwa wenzake wote wa miaka ijayo.

Kipindi cha pili ni cha maswali. Wanafunzi wakiachwa huuliza "unaipenda kazi yako?" na kujibiwa "ndiyo." Wafundishe maswali yanayofungua mdomo:

- Leo asubuhi ulianza na nini, na kwa nini hicho kwanza?
- Mara ya mwisho kazi ilipokushinda, ulifanyaje?
- Unajuaje kwamba kazi imefanyika vizuri?
- Ni hesabu gani unazipiga kila siku?
- Uliingiaje kwenye kazi hii, na njia nyingine za kuingia ni zipi?
- Nini kimebadilika tangu ulipoanza?
- Ni sehemu gani ya kazi hii ambayo watu wa nje hawaijui?

Swali la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Wafanye mazoezi kwa watu wa shuleni: mpishi, mlinzi, mhasibu. Wengi watagundua kwamba mpishi anakokotoa uwiano kila siku kwa ajili ya mamia ya watu na hajawahi kuulizwa na mtu.

Hatua ya 6: Siku zenyewe

Uswisi, ambako takriban theluthi mbili ya vijana huingia kwenye mafunzo ya ufundi baada ya elimu ya lazima, kijana hukaa kwanza siku chache mahali pa kazi kabla ya kuomba uanagenzi. Wanaozungumza Kijerumani huko wana kitenzi chake, schnuppern, maana yake kunusa. Siku hizo chache hazimfanyi mtu fundi, na wala halitarajiwi hilo. Na wewe usitarajie. Siku tatu zinatosha kwa mara ya kwanza, tano kwa mwanafunzi mkubwa.

Zipange hivi. Siku ya kwanza macho: mwanafunzi anaelezwa usalama, anazungushwa, anakaa karibu na mtu na kuandika kila anachofanya kwa saa mbili. Siku ya pili mikono: anasaidia jukumu moja dogo, kama kupanga vipuri, kusoma kipimajoto, kuandika namba za mzigo unaoingia. Siku ya tatu, kitu chake mwenyewe, kidogo lakini kinachobaki: orodha iliyonakiliwa upya vizuri, bango la usalama, mchoro wa jinsi stoo inavyoweza kupangwa. Mwenyeji akibaki na kitu hicho ukutani, mwakani hutahitaji kumbembeleza.

Mtembelee siku ya pili. Walimu wengi huenda siku ya mwisho, wakati kijana aliyekuwa anafagia siku zote amekwisha kufagia. Siku ya pili bado unaweza kurekebisha. Zungumza naye pembeni dakika tano, halafu na mwenyeji dakika tano, kila mmoja peke yake.

Kila jioni mwanafunzi anaandika mistari mitatu kwenye daftari lake: nilichokiona, kilichonishangaza, ninachotaka kuuliza kesho. Mitatu tu. Ukidai ukurasa mzima, utapata ukurasa uliojazwa maneno.

Hatua ya 7: Kurudi na kuzungumza

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mwaka 1984 David Kolb alieleza kujifunza kwa uzoefu kama mzunguko wenye vituo vinne: kutenda, kulitazama tena ulilotenda, kupata wazo la jumla, kisha kulijaribu wazo hilo kwenye jambo jipya. Tukimpeleka mwanafunzi na kumrudisha darasani kimya, tumempa kituo cha kwanza tu.

Ndani ya wiki moja, wakae duara, watu sita hadi wanane, dakika arobaini. Usianze kwa kuuliza "mlijifunza nini?" Anza kwa kuomba wasimulie tukio moja. Kisha: kwa nini yule mtu aliamua vile? Wewe ungefanyaje? Kuna kazi gani nyingine ambayo mtu hukutana na uamuzi wa namna hiyo? Swali hili la mwisho ndilo linalomtoa mwanafunzi kijijini bila kumpandisha basi. Aliyeona mwenye ghala akipanga mzigo ili unaoingia kwanza utoke kwanza ameuona msingi wa kazi ya ugavi, na bandari kubwa zinafuata wazo hilo hilo.

Kisha rudisha somo darasani. Fundi wa ujenzi anayepima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kuhakikisha kati ya ncha hizo kuna mita 5, anatumia kanuni ya Pythagoras kupata pembe mraba. Mpe mwalimu wa hisabati taarifa hiyo kabla hajaanza mada. Mteknolojia wa maabara aliyemweleza mwanafunzi namna ya kupunguza makali ya kimiminika ametoa somo la uwiano na la kemia kwa pamoja. Walimu wenzako watakuunga mkono mara tu watakapoona programu inawapatia mifano badala ya kuwapunguzia vipindi.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni ngazi. Kila mwanafunzi achore njia ya kazi aliyoiona: anayeanza bila cheti anafanya nini, mwenye cheti anaongeza nini, mwenye stashahada, mwenye shahada, masomo gani yanahitajika kila ngazi, mafunzo huchukua muda gani, na kuna mlango gani wa pembeni kwa aliyeshindwa mtihani. Atafute majibu hayo kwa mwenyeji, kwenye miongozo ya vyuo, na kwako.

Atakayekuja kukwambia, "Mwalimu, ile kazi siitaki," mpongeze. Amelijua kwa siku tatu jambo ambalo wengine huligundua mwaka wa pili wa chuo, ada ikiwa imeshalipwa. Muulize tu ni sehemu gani hasa hakuipenda. Mara nyingi hakuichukia kazi, alichukia kelele, au kukaa ndani, au mtu mmoja.

Hatua ya 8: Kwa kazi ambazo hazipo karibu

Mbunifu wa majengo, mwanasheria wa makampuni, mtengeneza programu za kompyuta: hawa hutawapata kwa kutembea. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni simu. Mtu mmoja mwenye kazi hiyo, dakika ishirini, spika imewashwa, wanafunzi kumi na watano na maswali yaliyopangwa nani anauliza lipi. Anza na waliosoma shuleni kwako. Wengi hukubali, kwa sababu hawaombwi pesa wala safari. Omba asieleze mafanikio yake bali asimulie Jumanne iliyopita, tangu alipofika kazini hadi alipoondoka.

Ya pili ni mradi wa shuleni wenye mteja wa kweli, yaani mtu atakayetumia matokeo. Ramani ya vyanzo vya maji iliyochorwa kwa kutumia simu yenye GPS, ikikabidhiwa kamati ya maji, inafundisha upimaji, takwimu na uandishi wa ripoti. Kituo kidogo cha hali ya hewa chenye kipimamvua na kipimajoto kinafundisha nidhamu ya data. Kitalu cha miche chenye hesabu za mapato na matumizi kinafundisha biashara pamoja na kilimo. Bila mteja, mradi hugeuka maonyesho ya siku ya wazazi, na huishia hapo. Mteja akirudisha ramani akisema kisima fulani kimekosewa mahali, wanafunzi wamepata somo ambalo mwalimu hawezi kulitoa.

Hatua ya 9: Daftari la programu

Weka daftari moja, si lako binafsi, la shule. Kwa kila nafasi andika nani alikwenda, lini, mwenyeji alisemaje, mwanafunzi alisemaje, na kama utampeleka mwingine hapo. Mahali palipokuwa na dosari ya usalama pafutwe kwa wino, na sababu iandikwe, ili mwalimu atakayekuja baada yako asianze kwa kosa lile lile. Walimu huhamishwa, na programu nyingi za namna hii hufa siku mwalimu mmoja anapofunga sanduku lake.

Barua za shukrani ziandikwe na wanafunzi wenyewe ndani ya siku saba, kila moja ikitaja jambo moja mahususi alilofundishwa. Zipeleke kwa mkono. Ukiwa hapo, kabla hujaaga, fungua lile jedwali lenye safu ya msimu na umuulize mwenyeji mwakani ni wiki ipi.